Kuonja Chumvi

Yustina alikuwa mpishi wa shughuli, na watu wa Morogoro walimpima kwa macho kabla ya kuonja chakula chake. Kamati ya harusi ikifika nyumbani kwake Kilakala na kumkuta amejaa mlangoni, anafuta mikono kwenye khanga, wajumbe walitazamana wakaridhika hata bei hawajauliza. Alifanya kazi na jirani yake Shadia, mwanamke mkavu, mwepesi wa miguu na mdomo. Wawili hao walipika kwenye harusi, kipaimara, arobaini na maulidi, na hapakuwa na mgeni aliyetoka kwenye shughuli zao akilalamika.

Yaliyolalamika ni magoti ya Yustina. Yalianza taratibu, mwishowe akawa hawezi kuinuka kigodani bila kushika ukuta. Shadia akamsindikiza kituo cha afya. Daktari, binti mpole wa umri wa mtoto wake, akampima presha, akaipima tena, kisha akamuuliza anakula nini kwa siku.

"Mimi si mlaji, daktari," Yustina alisema. "Asubuhi chai. Mchana sina nafasi. Jioni harufu ya mapishi imeshanikinaisha, nakunywa uji nalala."

"Na kazini?"

"Kazini naonja tu."

Shadia aligeuka akatazama dirishani.

Jumamosi iliyofuata walikuwa na harusi Kihonda. Shadia alichukua sahani safi akaiweka kando ya majiko. Kila Yustina alipochota kitu, naye alichota kiasi kilekile akakiweka kwenye sahani ile. Yustina alionja kipande cha nyama kujua kama kimeiva, kisha kingine kwa sababu kile cha kwanza kilitoka upande wenye moto mkali. Akaonja pilau ya juu na pilau ya chini. Akaonja mchuzi, akaongeza chumvi, akaonja chumvi aliyoongeza. Sambusa moja ilikuwa imepasuka, isingependeza mezani kwa wakwe, akaila. Kabla bibi harusi hajaingia ukumbini, sahani ilikuwa imefurika na Shadia ameshachukua ya pili.

"Sahani za nani hizo?" Yustina aliuliza.

"Zako. Umeshazila."

Yustina alizitazama kwa muda mrefu. Hakukasirika. Alisema tu kwamba ile nyama ya juu ingehitaji dakika chache zaidi, kisha akakaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Tangu siku hiyo aliacha kuonja. Lakini chungu hakiwezi kwenda kwa watu bila kuonjwa, na Shadia alikuwa na ulimi usiojua chumvi. Kwake kila kitu kilikuwa sawa. Ndipo Amosi, mume wa Yustina, alipojitolea. Amosi alikuwa anakata tiketi za mabasi ya mikoani pale stendi ya Msamvu, kazi ya kukaa kutwa nzima kitini, na mwisho wa wiki alikuwa huru. Alikuja na kijiko chake mwenyewe.

"Mama Pendo, hapa bado sijaelewa," alikuwa akisema, amefumba macho. "Ngoja nirudie."

Alirudia sana. Hata hivyo ulimi wake ulikuwa wa kweli, na shughuli ziliendelea vizuri.

Yustina naye alianza kutembea. Kila alfajiri isiyo na kazi, yeye na Shadia walifuata barabara ya kuelekea Bigwa, milima ikiwa bado imejifunika ukungu. Mwanzoni walifika kwenye duka la kwanza tu, wakarudi. Shadia alimwongoza kwa maneno, akimsimulia habari za watu mtaa baada ya mtaa, na habari tamu aliifikisha katikati pale walipopaswa kugeuka, ili Yustina asogee mbele kidogo kusikia mwisho. Sahani ya nyumbani ilibadilika pia: matembele na mchicha vikawa vingi, ugali ukawa kidogo, soda ikaondoka kwenye friji. Mwezi wa kwanza hakuona kitu. Mwezi wa pili viatu vilimlegea, jambo alilolichukulia kama matusi, kwa kuwa hakuwa amefunga safari yote ile kwa ajili ya kupunguza miguu. Mwaka ulipokwisha, fundi cherehani alikuwa ameshabana magauni yake mara kadhaa, na presha ilikuwa imetulia.

Kazini, baadhi ya wateja walishtuka. Kamati moja ilisimama mlangoni ikamwomba amwite mwenye nyumba.

"Tunamtafuta Mama Pendo, yule mpishi mnene."

"Ndiye mimi."

Walitazamana. Mwenyekiti wao akauliza kwa upole kama bado anapika au ameshastaafu.

Kitu ambacho Yustina hakukiona, kwa kuwa alikuwa akikiona kila siku, ni tumbo la Amosi. Lilikua polepole. Mkanda wake ulisogea tundu hadi tundu, kisha akaacha kuuvaa. Shadia ndiye aliyesema, siku moja Amosi alipowapita na kijiko chake. "Shoga, hukupungua wewe. Ulimhamishia mwenzio."

Mwezi wa tano walialikwa Kinole, kijijini kwa akina Amosi, Grace, mtoto wa dada yake, alipokuwa anapata komunyo ya kwanza. Yustina alitakiwa apike. Mvua ilikuwa imekata barabara, bodaboda zikawashusha chini ya mteremko, na safari iliyobaki ikawa ya miguu, kwenye njia ya udongo mwekundu iliyopita katikati ya migomba na mikarafuu. Yustina alitangulia na kapu la vyombo kichwani. Hakujua ni wapi alipomwacha mumewe. Alifika juu akapumua, akageuka, hakumwona mtu.

Mama mkwe wake, Bi Yuliana, alikuwa amesimama uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mume wako yuko wapi?"

"Anakuja nyuma."

Bi Yuliana alichungulia bondeni, akachukua fimbo yake, akashuka. Baada ya muda mrefu walionekana wakipanda pamoja, yule bibi mbele akiwa na begi la mwanawe kichwani, na Amosi nyuma, mikono mitupu, akisimama kila baada ya hatua chache kujifanya anaangalia mandhari.

Alipofikishwa uani, Bi Yuliana alimzunguka mwanawe akimpapasa mabega. "Umependeza, baba. Unatunzwa." Kisha akamgeukia mkwewe, na uso ukambadilika. "Na huyu, Amosi, umemfanya nini?"

Usingizi wa mchana haukuwepo siku ile. Bi Yuliana alimwita kaka yake, Mzee Bartholomeo, ambaye kwa kuwa ni mjomba ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika mambo ya ukoo. Kikakaliwa kikao barazani. Mzee Bartholomeo alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, na alizungumza polepole, kwa ile lafudhi ya milimani inayovuta maneno mwishoni.

"Mwanamke akikonda," alisema, "kuna mambo matatu. Ugonjwa, njaa au mawazo. Mkwe wetu, usiogope. Sema ni lipi."

"Ni la nne, mjomba. Nimeamua."

Mzee alifikiri. "Umeamua nini?"

"Kupungua."

"Hakuna mtu anayeamua kukonda," alisema Mzee Bartholomeo, bila ukali, kama anayemsahihisha mtoto hesabu. "Mtu anakondeshwa."

"Mbona wewe mwembamba, mjomba?"

"Mimi nimekondeshwa na mlima. Wewe nani amekukondesha?"

Amosi alijaribu kueleza habari za daktari na magoti, lakini kila alipofungua mdomo mama yake alimtazama tumbo, akamtazama mkwewe, na maelezo yakakosa nguvu. Kikao kikaamua kwamba Amosi amwonee huruma mkewe, na kwamba kwa siku zile watakazokuwa Kinole, Bi Yuliana atamrudisha mkwe wake katika hali yake.

Alifanya hivyo kwa mikono miwili. Asubuhi yalikuja magimbi na chai ya maziwa yenye mdalasini. Saa nne zikaja ndizi za nazi. Mchana kuku, kisha fenesi, kisha togwa. Siku ya kwanza Yustina alikula kidogo na kushukuru sana, akidhani shukrani zitajaza nafasi ya chakula. Bi Yuliana alikaa mbele yake, mikono magotini, akisubiri. Hakuna kosa kubwa kuliko kurudisha sahani ya mama mkwe. Siku ya pili Yustina alimaliza. Siku ya komunyo alisimama mbele ya masufuria na Amosi hakuonekana, alikuwa amelala kwa uchovu wa mlima, na wanawake wa kijiji walikuwa wakimtazama yeye, mpishi wa mjini. Akachukua mwiko akaonja mwenyewe.

Ile pilau ilikuwa na iliki na pilipili manga iliyotoka shambani kwa jirani, haijakaa dukani hata siku moja. Yustina alisimama na mwiko mkononi akajua alichokuwa amekikosa kwa mwaka mzima. Akaonja tena. Akaonja upande wa pili. Alifurahi kweli, na hakuna sababu ya kuficha hilo.

Walirudi mjini na ndizi, machungwa na gunia dogo la magimbi. Hapo ndipo furaha ilipogeuka. Asubuhi ya kwanza Yustina alisikia Shadia akibisha hodi, akajifunika shuka. Asubuhi ya pili alimtuma Amosi aseme ana mafua. Magimbi yalikuwepo, yakaliwa. Soda ikarudi kwenye friji, kwa wageni, ingawa wageni hawakuja. Kila alipopita mbele ya kioo alijiambia kwamba mambo yameshaharibika, na kwa kuwa yameshaharibika, kipande kimoja zaidi hakitaharibu kitu.

Wiki ya pili Shadia hakubisha. Aliingia moja kwa moja hadi chumbani, akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Mafua yako yana rangi ya magimbi," alisema.

"Shadia, niache. Kazi ya mwaka mzima nimeimaliza kwa siku tatu. Mimi si mtu wa mambo haya."

Shadia alisogeza shuka pembeni. "Tangu tuanze kupika pamoja, umeunguza wali mara ngapi?"

"Nyingi tu."

"Ule wa Mazimbu, tulipowagawia wageni mkate?"

"Usiukumbushe ule."

"Kesho yake uliacha kupika?"

"Kesho yake tulikuwa na kipaimara Bigwa."

"Basi vaa viatu."

Yustina alitazama dari. Shadia alikuwa ameshaanza kusimulia habari ya mwenye bucha na mke wa jirani yake, habari ambayo kwa namna ilivyoanza ilionyesha haitaisha kabla ya kufika daraja la njiani. Yustina akainuka.

Nje walimkuta Amosi amesimama getini. Alikuwa amevaa fulana ya zamani iliyombana na viatu vya mpira alivyoazima.

"Na wewe unakwenda wapi, Baba Pendo?"

Amosi alisafisha koo. "Mama alinibebea begi," alisema. "Mama yangu, umri ule, alishuka mlima wote akanibebea begi. Watu walikuwa wanatuona. Muuza ndizi mmoja aliniuliza kama natoka hospitali."

Hakuna aliyecheka, ingawa Shadia ilibidi atazame pembeni.

"Na nimeacha kazi ya kuonja," Amosi aliendelea. "Tafuteni mtu mwingine."

Hawakutafuta mtu mwingine. Walikubaliana kwamba kila chungu kitaonjwa mara moja, kikiiva, kwa kijiko cha chai, Yustina upande mmoja na Amosi upande wa pili, na Shadia kati yao akiwa na kazi ya kuwanyang'anya vijiko. Mara nyingine hawakuelewana, Yustina akisema chumvi imezidi na Amosi akisema imepungua, na chakula kilikwenda kwa watu hivyohivyo. Watu walikula wakamaliza.

Amosi alikuwa mtembeaji mbaya. Alisimama kusalimia kila aliyemfahamu, na mkata tiketi wa Msamvu hufahamiana na nusu ya mkoa. Lakini alikuja kesho yake, na siku iliyofuata. Siku nyingine hawakwenda, mvua ilinyesha au walichoka tu, na baadaye wakaenda tena. Yustina hakurudi haraka alipokuwa kabla ya Kinole, ilichukua miezi. Kwaresima ya mwaka uliofuata ilimsaidia. Desemba, msimu wa harusi ulipopamba moto, aliongezeka tena kidogo, fundi akamlegezea gauni moja bila kuuliza. Zamani angejifunika shuka. Safari hii alilipa, akaenda nyumbani, akachuma mchicha.

Mwanzoni mwa mwaka Bi Yuliana alipiga simu. Aliuliza habari za nyumbani, za Pendo aliyekuwa chuoni Dodoma, za mvua, kisha akafika alipokuwa akienda.

"Mkwe wangu, umenenepa?"

"Kidogo, mama. Tangu Krismasi."

"Mungu ni mwema," alisema Bi Yuliana, na sauti yake ilijaa faraja ya kweli. "Na mwanangu?"

Yustina alimtazama Amosi, aliyekuwa ameinama akifunga kamba za viatu, safari hii vya kwake mwenyewe, huku akihema kwa kazi ya kuinama.

"Anapungua, mama."



"Mpe simu," alisema Bi Yuliana. "Kisha umwambie kwamba mjomba wake anakuja huko Ijumaa. Tutakaa kikao."