Aliyezikwa Njiani Kasekese

Mwezi wa tisa mwaka 1994, ng'ombe wa Ngusa walikuwa wakishinda na kiu, ndiyo maana aliamua kuchimba kisima nyuma ya nyumba yake, kwenye bonde dogo la Kasekese. Alipofika kina cha kifua, jembe liligonga chungu. Nyuma ya chungu palikuwa na mtu.

Alimwita mkewe, Matilda, aje aone. Mifupa ilikuwa imekaa kitako, magoti yamekunjwa, kama mtu aliyejikunyata kwa baridi. Shingoni palikuwa na shanga za kioo, za buluu, ndogo kama punje za uwele. Penye kiuno palikuwa na kauri tano, yale makombe madogo meupe, na kwenye mkono bangili ya shaba iliyogeuka kijani. Chungu kilikuwa na ukoko mweupe ndani. Ngusa aliugusa kwa kidole, akalamba.

"Chumvi," alisema, akatema mate.

Walikuwa Wasukuma waliohama Maswa na mifugo yao, huo ukiwa mwaka wao wa nne hapo. Wabende wenyeji walipoulizwa walitikisa vichwa: kaburi si la kwao, hata babu zao hawakulisikia. Basi Ngusa alitia mifupa kwenye kiroba, akakisukuma chini ya ghala la mahindi, akaendelea kuchimba. Shanga Matilda aliziosha akazivaa. Zilikuwa nzuri, na yeye alikuwa hajavaa kitu kizuri siku nyingi.

Maji yalitoka kesho yake, baridi na matamu. Ng'ombe walisogea mpaka hatua kumi hivi kutoka kisimani, wakasimama. Walichapwa, walipigiwa mluzi, hawakusogea. Walisimama na kiu yao, wameelekeza vichwa upande mmoja, kama wanaopisha kitu.

Siku ya tatu, saa sita mchana, Matilda akiwa anatwanga, alisikia watu wakipita nyuma ya nyumba. Si mmoja wala wawili. Zilikuwa nyayo za watu wengi wanaofuatana mmoja mmoja, wenye mizigo, kwa maana aliisikia mikongojo ikichoma ardhi. Alizunguka nyumba awasalimie. Hapakuwa na mtu. Vumbi lilikuwa limetulia. Mbwa alikuwa amesimama akitikisa mkia, anaangalia hewa.

Hakumwambia mtu. Lakini kila mchana walipita, na kila walipopita alijikuta amekaa chini, miguu ikimuuma kama aliyetembea toka alfajiri. Siku moja alijitazama akaona ana vumbi jekundu mpaka magotini, na udongo wa pale kwao ni mweusi.

Hapo ndipo alipomwona. Mwanamke alikuwa ameketi juu ya udongo uliochimbwa, magoti kifuani. Alisema neno moja, taratibu, kama anayeuliza. Matilda hakulijua; halikuwa Kisukuma, wala Kibende, wala Kiswahili. Alipopepesa macho, palibaki udongo tu.

Alivua shanga akaenda nazo kwa mwalimu Josephat wa shule ya msingi. Mwalimu huyo, katika ujana wake, alibeba udongo kwa watafiti wa mambo ya kale waliochimba kwenye machimbo ya chumvi ya Uvinza. Alikuja mwenyewe kuona vitu vyote, akapiga magoti, akakishika kile chungu kwa mikono miwili.

"Mama, vyungu kama hivi tulivitoa chini kabisa. Wale wataalamu walisema vina miaka elfu moja na zaidi. Kabla ya Waarabu wa Ujiji, kabla ya yeyote tunayemjua."

"Na hivi vingine?"

"Kauri ni ya baharini. Shanga zimevuka bahari. Shaba nadhani ni ya ng'ambo ya ziwa, Kongo. Chumvi ndiyo ya hapa jirani." Alikirudisha chungu chini. "Mtu mmoja hawezi kuwa ametoka kote huko."

Matilda alijua inavyokuwa. Mwaka 1990, walipokuwa njiani na ng'ombe, binti yao mdogo, aliyemfuata kaka yake Masunga, alikufa kwa homa karibu na Inyonga. Wanawake wa Kikonongo, wenyeji wa pale, ambao hawakuelewana naye hata maneno matatu, walitoka majumbani mwao. Mmoja alileta mkeka, mwingine kitenge chake, mwingine kikapu kidogo cha ulezi akakiweka kaburini, kichwani pa mtoto. Kesho yake ng'ombe walihitaji maji, familia ikaondoka. Tangu siku ile Ngusa hakulitaja jina la mtoto.

"Alifia safarini," Matilda alisema. "Kila aliyekuwa kwenye msafara alitoa alichokuwa nacho."

Mwalimu aliomba vitu vipelekwe makumbusho, Dar es Salaam. Matilda alikataa. Mwalimu akaomba walau ushanga mmoja, Matilda akakataa pia. Mwishowe alikubaliwa kuvichora tu, akachora hadi jua likaegemea magharibi.

Ngusa aliporudi na ng'ombe alikuta mkewe amekitoa kiroba chini ya ghala.

"Mama Masunga, unataka nifukie kisima?"

"Baba Masunga, wa kwetu tulimwacha kwa watu. Kama nao wamemfukua?"

Ngusa alichukua jembe. Walifukia kisima mpaka kina cha kifua, wakamkalisha yule mtu kama walivyomkuta, na shanga zake, kauri, bangili na chungu cha chumvi. Matilda aliongeza mkufu wake wa shanga nyeupe aliopewa na mama yake. Ngusa alifungua kengele ya chuma shingoni mwa ng'ombe kiongozi, akashuka shimoni kuiweka. Akiwa huko chini, mkewe alimsikia akisema, "Kabula." Akarudia, "Kabula, mwanangu," na hakupanda haraka.

Kisima kipya walichimba ng'ambo ya bonde. Maji yake yana magadi kidogo, lakini ng'ombe wanakunywa.

Yule mwanamke hakuonekana tena. Nyayo, ndizo hazikukoma. Kila kiangazi hupita saa sita mchana, nyingi, nzito. Mwaka wa pili Ngusa naye alizisikia. Alikuwa akiswaga mifugo kuvuka bonde. Alivua kofia, akasimama pembeni, ng'ombe wote nyuma yake kimya, wakangoja mpaka wa mwisho apite.