Mlio wa Kamba

Anayetaka kucheka na acheke: kazi yangu ni kugonga vifuu vya nazi, kutengeneza milio ya filamu. Studioni wananiita Kwato. Farasi wa katuni hana miguu mpaka mimi nimpe. Wenzangu wanachora, wanaimba, wanasifiwa. Mimi napiga magoti mbele ya sinia la mchanga, natazama picha, nagonga. Filamu ya mwaka huu ilikuwa ya farasi wa porini aliyekamatwa na kufungwa, akakata kamba akarudi kwao. Kamba ile ilinihangaisha wiki nzima. Mwishowe nikavua mkanda wa suruali, nikauloweka, nikausokota karibu na maikrofoni mpaka ukalia kama mgonjwa. Bosi akasema imezidi, watoto wataogopa. Nikamwambia aniachie, kila mtu na kazi yake.

Nisikufiche, nilimfanyia mtu mmoja tu. Nina binti wa miaka tisa, namwita Sisimizi, anaishi na mama yake. Korti ilinipa Jumamosi. Siku nyingine sita naongea na birika. Na miezi hii ya karibuni hata Jumamosi zenyewe zimepooza: anakaa ukingoni mwa kochi na mkoba mgongoni, kila nikimuuliza kitu ananijibu, "Sawa tu." Nilikuwa nampoteza, na nilijua. Nikasema moyoni, akinisikia kwenye sinema atanirudia.

Jumamosi filamu ilipotoka nikampeleka sinema. Farasi alipotokea nikamnong'oneza, "Hiyo miguu ni mimi."

"Shh, baba!"

Ilipofika kamba, akanikamata mkono, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu mwaka jana. Machozi yakamtoka. Kichwa kikanivimba. Nani alisema imezidi?

Tulipotoka tukakaa kwenye ngazi za nje.

"Ile kamba nayo ni wewe?"

"Mimi na mkanda wangu huu huu."

Hakucheka. "Farasi hakuwachukia wale watu, au sio?"

"Hata kidogo. Alitaka kwenda zake tu."

"Hata yule aliyekuwa anampa majani?"

"Huyo alimpenda, nadhani."

Akavuta pumzi. "Baba, naomba nisiwe nakuja kila Jumamosi. Nitakuja siku nikitaka. Usikasirike."

Nina karatasi ya korti, ina mhuri. Ningeweza kumwambia hayo si ya mtoto kuamua. Hasira ilinipanda, we acha tu, mpaka nikasimama. Naye akajikunja, macho chini, akisubiri nifoke. Jamani, binti yangu ananiogopa. Nikakaa tena.

"Nitamwambia mama yako leo hii," nikasema. "Nitasema ni wazo langu."

Akanirukia shingoni. Njia nzima aliongea bila kupumua: shule, marafiki zake, jino lililong'oka, mwalimu anayekoroma darasani. Nikacheka naye. Ilikuwa Jumamosi yetu nzuri kuliko zote, nami nikatembea polepole kadiri nilivyoweza.