Dhiraa Mia Tatu

Ndugu yako akikuibia mbele ya wageni, umeibiwa mara mbili: umepoteza kitu, na bado unatakiwa kutabasamu. Mimi nilitabasamu siku tisa.

Tulikuwa wawili tu kutoka nyumbani katika chuo kile cha ughaibuni, mimi na mtoto wa shangazi yangu, tukisomea uhifadhi wa majengo ya kale. Siku ya kuondoka shangazi alituunganisha mikono akasema, "Mshikane huko. Damu nzito kuliko maji." Mwanawe aliitikia kwa sauti kubwa kuliko mimi. Baba yangu, fundi mwashi, alimbatiza jina la Mheshimiwa tangu utotoni, kwa sababu kazini alikuwa hodari wa kutafuta kivuli.

Mji ule ulizungukwa na ukuta wa mawe wa karne nyingi, na vichochoro vyake vilikuwa vyembamba hivi kwamba wawili wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Mheshimiwa aliujua kwa mikahawa yake. Mimi niliujua kwa magoti. Vifaa vya kupimia vya chuo vilikuwa na foleni isiyoisha, basi kila Jumamosi nilitoka na kamba ya baba, dhiraa ishirini, fundo kwenye kila dhiraa. Wenzangu walicheka, nami nikawaacha wacheke. Nilipima ngazi zilizolika, nikapima malango, kisha nikatoka nje ya ukuta nikifuata mfereji wa kale uliofukiwa mashambani. Nyuma ya vichaka, nikikanyaga, ardhi iliitika kama mtungi mtupu. Chini palikuwa na birika la kale la kuhifadhia maji, ambalo halikuwa kwenye ramani yoyote. Nilipima kutoka mnara wa kona: dhiraa mia tatu. Niliandika kwenye daftari, nikafunga mdomo.

Nafasi ya kuendelea mwaka wa pili ilikuwa moja, ya mwenye ugunduzi bora. Wengine wote wangerudi makwao.

Mheshimiwa alikuja chumbani kwangu kula, kama kawaida yake. Nilikwenda kugeuza mboga jikoni, mwisho wa korido, nikaacha daftari mezani na yeye na simu yake. Jumatatu alisimama mbele ya darasa na ramani. Mfereji wangu, vichaka vyangu. Hata jiwe la mnarani nililolichora vibaya, alilichora vibaya vilevile. Nilitamani kumrukia. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nilikuwa nimemlisha mwenyewe.

Kisha nikasoma maandishi yake: birika, mita mia moja na hamsini kutoka mnarani. Hasira yote ikatulia, ikakaa vizuri, ikakunja miguu. Alikuwa amehesabu dhiraa kuwa nusu mita, kama watu wote.

Nikanyoosha mkono. "Profesa, jambo kubwa kama hili tusiliache kwenye karatasi. Tukachimbe."

Profesa, mama mwembamba asiye na papara, alikubali, akasema kibali kitachukua siku tisa. Mheshimiwa akanitazama kwa shukrani. Alidhani nimemsamehe, masikini.

Siku ilipofika, vibarua wawili walichimba alipoonyesha mpaka wakazama kiunoni. Wakapata mizizi na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Profesa akatazama saa. Mheshimiwa akanisogelea, akaninong'oneza kwa lugha yetu.

"Dada, hebu niambie. Dhiraa ni kiasi gani?"

"Dhiraa ya nani?"

"Ya ile kamba ya mjomba."

"Kwani ramani ni yako au ya mjomba?"

"Usinifanyie hivi mbele za watu."

"Wewe ulinifanyia mbele za watu hawa hawa."

Nikafungua mkoba. Nilimpa Profesa daftari lenye tarehe zake zote, kisha nikamwomba ashike ncha moja ya kamba pale mnarani. Tuliivuta mara kumi na tano. Kibarua alipopiga mtaimbo, jiwe lililia, na chini ya jiwe pakasikika uwazi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mheshimiwa ilizidi kwa mita ishirini na saba.

"Kwa nini vipimo vinatofautiana?" Profesa aliuliza.

"Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati," nilisema. "Baba yangu kidole hicho kilikatika. Alipopona alifungua mafundo yote ya kamba akayafunga upya. Alisema fundi hupima kwa mkono alionao."

"Kilikatikaje?"

Niligeuka. "Mweleze wewe, Mheshimiwa."

Akaanza kukunja ramani yake. Siku ile alikuwa na miaka kumi na mitatu, kapewa kamba ya kapi inayopandisha mawe, ashike tu, mkono wa baba ukiwa chini ya jiwe. Rafiki zake wakapita njiani, akaiachia ili awapungie. Baba alimwambia dada yake kuwa jiwe limeteleza lenyewe, na shangazi anaamini hivyo mpaka leo. Katika watu wote wa dunia hii, yeye ndiye aliyepaswa kujua kwamba dhiraa ile ni fupi.

Nilimweleza Profesa mimi mwenyewe, polepole, nisiruke kitu. Sikuona haya na sioni mpaka sasa.

Juma lililofuata Mheshimiwa alifungasha mizigo. Jioni hiyo shangazi alinipigia simu.

"Mwanangu anarudishwa kama furushi. Niliwaambia mshikane. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naye pale pale, shangazi," nikasema. "Mimi nilishika kamba."