Mzungu wa Ukutani kwa Mwanaisha

Newala nzima hakuna mwanamke anayejua wivu kama mimi. Muulizeni aliyekuwa mke mwenzangu. Mtamkuta Tandahimba, alikohamia bila hata kubeba sufuria zake.

Wivu wa safari hii kauleta Mzungu, tena wa picha. Jirani yangu Mwanaisha, mjane wa Kiyao kutoka Masasi, alirithi kwa baba yake picha ya kijana wa Kiingereza aliyekuwa na shamba la mkonge zamani za ukoloni. Baba yake ndiye aliyekuwa mpishi wa huyo Mzungu. Imechorwa kwa mkono: mashavu mekundu kama mabibo, visharubu kama manyoya ya kifaranga, na macho yanayokufuata hata ukijibanza pembeni.

Basi mume wangu Uwesu, mzee wa miaka sabini na minne, akapenda historia ghafla. Kila adhuhuri anachukua bakora: “Nakwenda kumtazama yule Mzungu.” Anarudi jioni ananukia vitumbua, ugali wangu hautaki. Mimi mara ya mwisho kunitazama vizuri ni siku nilipodondoka kwenye mkorosho.

Nikilalamika, ananijibu, “Mwanaisha ni mtani wangu, Mmakonde na Myao. Nani anamwonea mtani wivu?”

Na kweli, kwetu ukinung'unikia utani utachekwa mpaka bombani. Nikameza.

Jumanne akapita Mujibu wa bodaboda na mzigo mpana mgongoni.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Umebeba mlango wa nani?”

“Picha ya Bi Mwanaisha, imeshuka na basi. Ilikuwa kwa fundi Masasi wiki mbili, inatiwa fremu.”

Wiki mbili! Na jana tu Uwesu kaniambia Mzungu kaota vumbi puani.

“Ishushe hapa, mjukuu wangu. Mwanaisha ni kama dada yangu.” Dada wa namna gani, sikusema.

Nikaiegemeza ukutani, nikaifunika kanga.

Uwesu akaingia, midomo inang'aa mafuta.

“Watoka wapi, Baba Faidha?”

“Kwa Mzungu, wapi tena?”

“Hajambo?”

“Hajambo. Mwanaisha hata sikumwona, yuko jikoni kwake huko. Saa nzima mimi na picha tu.”

“Na yale macho?”

“Yananitazama mimi tu, Mama Faidha! Mpaka naondoka.”

Nikavuta kanga.

Uwesu akamtazama Mzungu. Mzungu akamtazama Uwesu.

“Huyu,” akasema mume wangu, akitafuta pa kukaa, “atakuwa pacha wake.”