Bima ya Kwenda Thelujini

Mume wangu Neville hajawahi kudanganya kwenye fomu. Mwanamke mwingine angesema hivyo kwa kujisifia. Mimi nasema kwa uchovu. Mwaka ambao kioo cha gari kilipata ufa usiozidi ukucha, aliipigia simu kampuni ya bima kuwaarifu, ingawa hakudai chochote, nao wakatupandishia malipo. Kwenye uwanja wa ndege aliwahi kumtafuta ofisa wa forodha ili amwonyeshe kipande cha mkate na jibini alichokisahau mfukoni. Mbele ya fomu Neville ni mcha Mungu. Mbele yangu ni habari nyingine. Miaka thelathini na minne nimemuuliza hali, na miaka thelathini na minne amenijibu, "Si mbaya." Alinijibu hivyo hata siku ya mazishi ya mama yake.

Mwezi wa Oktoba nilikuwa nasafisha gari, nikakuta tiketi tatu za maegesho ya hospitali kwenye mfuko wa mlango. Zote za Jumanne, zote za maegesho yaliyo mbele ya jengo la saratani. Jengo lile nalijua, dada yangu aliingia mle kwa miguu yake na hakutoka hivyo. Na Jumanne ndiyo siku ambayo Neville alikuwa akiniaga kwamba anakwenda maktaba.

Nilizirudisha tiketi pale pale, nikamalizia kupangusa vioo. Ningeweza kumuuliza jioni ile ile. Sikumuuliza. Nilijiambia, aseme mwenyewe, ana mdomo. Kila Jumanne alipovaa koti nilimwambia, "Ukirudi pitia maziwa," naye akapitia maziwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, lakini sijasikia walichosema kuhusu mke anayekaa akimtazama mumewe anavyoficha.

Mwezi uliofuata, katikati ya chakula cha Jumapili, Neville akatangaza kwamba amelipia safari ya Austria. Wiki nzima ya likizo ya shule ya Februari, sisi wawili, binti yetu Bryony na wanawe mapacha, kwenda kuteleza thelujini. Huyu ni mtu anayekausha mfuko wa chai ili autumie tena kesho.

"Baba, umeshinda bahati nasibu nini?" Bryony alipiga kelele.

"Nimezeeka tu," alisema Neville. "Nataka niwafundishe hawa watundu kabla magoti hayajagoma."

Magoti! Nilimwongezea viazi.

Tangu siku ile sikuhisi kitu. Naeleza kama ilivyokuwa: si huzuni, si hasira, ganzi tu, kama mdomo baada ya sindano ya daktari wa meno. Ganzi haimzuii mtu kupanga safari, nadhani hata inasaidia. Nilinunua soksi nene jozi kumi na mbili. Nilibandika orodha kwenye friji: glavu, miwani ya theluji, mafuta ya kukinga jua, dawa ya mafua. Mwenye duka la kukodisha mbao za kuteleza, kule Austria, alitutumia fomu ya kujaza urefu, kipimo cha mguu na uzito wa kila mtu, maana vifungio vya viatu hukazwa kulingana na uzito, ili ukianguka mbao zifunguke zenyewe kabla mguu haujavunjika.

Neville alipanda kwenye mizani bafuni, mimi nikiwa mlangoni na kalamu.

"Sitini na mbili," alisema.

Majira ya kiangazi alikuwa na kilo sabini na saba. Nilimtazama kwenye kioo, naye akanitazama kwenye kioo. Angeweza kusema mizani imeharibika, au angeongeza kilo kumi za uongo nami nikaziandika bila neno. Lakini ile ilikuwa fomu. Nikaandika sitini na mbili.

Ikabaki bima. Bima za nyumba yetu ni kazi yangu, na kwa kawaida huimaliza kwenye kompyuta kabla chai haijapoa. Safari hii nilikaa siku tatu. Nilisoma bima za kampuni tatu neno kwa neno, mpaka yale maandishi madogo ambayo hakuna binadamu ayasomaye, na sikuchagua ya bei nafuu wala yenye fidia kubwa. Nilichagua yenye maswali mengi ya afya. Na hiyo ilitaka watu wa umri wetu wapige simu, kila msafiri ajibu mwenyewe kwa kinywa chake. Nilikuwa namtegea mume wangu mtego, na chambo kilikuwa uaminifu wake.

Jumamosi asubuhi, baada ya Krismasi kupita na mti kutupwa, nilipiga simu, nikaiweka kwenye spika katikati ya meza, kando ya jemu. Nje mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yake. Akapokea msichana mwenye lafudhi ya Wales, akasema anaitwa Carys.

"Haya, tuanze na mambo ya mlimani," alisema. "Mnataka bima ya kuteleza nje ya njia zilizotengwa?"

"Binti, mimi hata ndani ya njia nashuka kwa makalio," alisema Neville.

Carys alicheka. "Basi hiyo tuiache, mzee wangu. Helikopta ya kumteremsha aliyeumia?"

"Hiyo weka," nikasema.

"Na theluji isipoanguka, milima ikafungwa?"

"Weka," alisema Neville.

"Kurudisha maiti nyumbani imo tayari, hiyo hailipiwi zaidi."

"Wakarimu hao," alisema Neville, akanywa chai.

Kisha Carys akasema yamefika maswali ya afya, na kwamba ataanza na mzee. "Katika miaka miwili iliyopita umeonwa na daktari bingwa, au umelazwa, au umeanza dawa mpya?"

Neville alinitazama. Mimi nilikuwa napaka siagi kwenye mkate, nikaendelea kupaka. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye simu, nikadhani anazima spika aende nayo sebuleni. Aliisogeza tu karibu na mdomo wake.

"Ndiyo," alisema.

"Kwa ugonjwa gani, mzee wangu?"

"Saratani ya kongosho. Imeshafika kwenye ini."

Tulisikia vidole vya Carys vikigonga herufi, kisha vikakoma. "Samahani," alisema, "inabidi nisome yote yaliyoandikwa hapa. Je, daktari amekwambia kwamba ugonjwa wako hautapona?"

"Ameniambia. Tarehe tisa Desemba, saa tano asubuhi."

"Na mlipolipia safari, Novemba, ulikuwa unasubiri majibu ya vipimo?"

"Nilikuwa nasubiri, ndiyo."

Basi nilipata nilichokitaka. Mke wa miaka thelathini na minne kanyimwa, msichana wa dakika kumi kapewa mpaka saa. Nilingoja kulia, nikaona hakuna kinachokuja. Niliuma mkate, nikatafuna, nikameza.

"Pole sana, mzee wangu," alisema Carys, na nadhani hilo halikuwa limeandikwa mbele yake. "Kampuni yetu haitaweza kukukatia bima wewe. Zipo zinazochukua wagonjwa, nitakutumia namba zao."

"Asante, binti. Umeuliza vizuri."

Carys akavuta pumzi. "Sasa mama. Nawe pia nikuulize?"

Nikamwambia aulize. Sijalazwa, sina dawa mpya, moyo hauna tatizo, mapafu hayana tatizo. Nilijibu hapana, hapana, hapana, huku Neville akiutazama mkono wangu uliokuwa mezani. Nadhani alikuwa anafikiria aushike au asiushike.

"Na la mwisho, mama. Mlipolipia safari, ulikuwa unajua ugonjwa wowote wa mtu wako wa karibu, au wa unayesafiri naye, unaoweza kuwafanya mghairi?"

Swali lile nilikuwa nimelisoma mara nne kwenye maandishi madogo. Mara zote nne nililisoma kama la mtu mwingine. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Hakujua," Neville alimwambia Carys kabla sijafungua mdomo. "Ndiyo kwanza anasikia leo, maskini. Mwandikie hapana."

"Samahani mzee wangu, lazima ajibu mwenyewe."

"Nilijua," nikasema.

"Tangu lini, mama? Inabidi niandike tarehe."

"Oktoba."

Neville aliweka kikombe chini. Hakukipiga kwenye meza, alikiweka taratibu, lakini hakukiweka kwenye kisahani.

"Oktoba," alisema.

"Nilisafisha gari."

"Mimi nilikuwa nakuepusha, Hilary. Nilitaka upate Krismasi yenye raha."

"Najua."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nangoja useme."

Alikuwa na uso ule ule anaokuwa nao akisoma swali kwenye karatasi, anapotaka kuhakikisha amelielewa kabla ya kuweka alama. "Miezi mitatu," alisema. "Ulikuwa unaniadhibu?"

Ningesema hapana angeniamini. Neville huamini anachoambiwa, hiyo ndiyo kasoro yake kubwa.

"Ndiyo," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. "Mle hospitalini viti vimepangwa viwili viwili," alisema. "Kimoja cha mgonjwa, kimoja cha mwenzake. Kuna muuguzi, kila Jumanne ananiuliza kama kuna mtu anakuja. Namwambia mke wangu yuko kazini."

Nilistaafu miaka miwili iliyopita. Hapo ganzi ikaniachia. Nilikuwa nimedhani kitakachotangulia ni huzuni, kumbe ilikuwa aibu, nikashindwa kumtazama usoni.

"Mama?" ilisema sauti ya Carys pale mezani, taratibu sana. "Samahani. Kompyuta inaniuliza kama tuendelee na jina lako peke yako."

Nilikichukua kikombe cha Neville, nikakirudisha kwenye kisahani chake.

"Mjibu, Hilary," alisema Neville kwa upole. "Mtoto wa watu anangoja."