Kinu Kilichosimama Ukingoni

Kinu kilizimika tena. Mstari wa joto uliteleza kwenye skrini, ukalala chini. Nikabadilisha tarakimu, nikaanza upya, kikazimika. Nje, kwenye theluji, kinu chenyewe cha chuma kilikuwa kikinguruma kama kawaida. Kilichokufa ni kile nilichokiiga ndani ya kompyuta, na nilitaka kulia.

Mji wetu wa pwani ya Norwei ulikula kwa kiwanda kimoja cha mbolea. Gesi ilipokuwa adimu, wenye mali waliamuru kinu cha amonia, tangi linalogeuza gesi kuwa malighafi ya mbolea, kipewe nusu tu ya gesi yake hadi baridi iishe. Lakini kinu hicho hujipasha chenyewe: gesi inayotoka na joto ndiyo inayoipasha inayoingia. Ukikinyima mno hupoa, na kikipoa, kukiwasha upya kunahitaji ruhusa ya wenye mali. Sote tulijua hawangeitoa; walikuwa wakitafuta sababu ya kukifunga.

Kaka yangu Eilert alikuwa msimamizi wa zamu. Siku zote alipita ofisini kwangu na mkate wake wa jibini ya kahawia, akinitania kwamba nalipwa kucheza gemu. Wiki ile hakutania.

"Kitahimili, Sunniva?"

"Bado natafuta."

"Tafuta, dada yangu. Mimi sijui kazi nyingine."

Katika kazi yetu lazima uikisie kompyuta jibu la kwanza, nayo isogee kutoka hapo mpaka hesabu zikubaliane. Kwa gesi ileile, kinu kama chetu kinaweza kuwa na majibu mawili, yote ya kweli: kinawaka, au kimepoa. Ukikisia baridi, unapata maiti. Nilikisia moto, nikakisia moto zaidi, nikachezea shinikizo, na bado niliangukia kwenye maiti. Nilianza kuichukia sauti ya vidole vyangu mwenyewe.

Kisha, mchana mmoja, mstari ukapanda na kubaki juu. Sikushangilia. Nilipunguza kidogo tu joto la gesi inayoingia, na kikaanguka.

Nikamwambia meneja wetu, Ragnvald, mbele ya kaka yangu, kwamba kwa nusu ya gesi papo mahali kinu kinapoweza kusimama kikiwaka, ila ni ukingoni kabisa. Ragnvald alikuwa ameshawabembeleza wenye mali waongeze gesi, wakakataa. Akauliza kama si afadhali kukizima kwa utaratibu.

"Tukikizima wenyewe, tumewapa walichokitaka," Eilert alisema. "Nitakishusha mimi."

Alikishusha kwa mkono wake, taratibu, hadi nusu ya gesi, nami nikiwa kando yake na tarakimu zangu. Asubuhi nzima kilishika, joto kwa joto, kama kwenye skrini yangu. Watu wakaanza kupumua, mmoja akaenda kupika kahawa. Kisha valvu moja ya nje ikakwama kwa barafu, gesi ikaingia na ubaridi kidogo, na joto likaanza kushuka.

Eilert alifungua kila alichoruhusiwa, halafu na asichoruhusiwa. "Njoo basi, njoo," alikiambia kwa sauti ya chini, kama anayemwita ng'ombe arudi zizini. Hakikuja. Ngurumo ilipungua, ikaisha, na hakuna aliyejua aangalie wapi.

Kiwanda hakikuwashwa tena. Majira ya joto yaliyofuata, walipokuwa wakikata mabomba kuuza chuma, Eilert alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa amekonda, na hakuwa amenyoa ndevu. Akauliza kama bado ninacho.

Nikaifungua kompyuta. Kinu kilikuwa palepale, kinawaka. Alivuta kiti, akavisoma vipimo vya joto kimoja kimoja kwa sauti, kama anayekabidhi zamu.

"Kitakaa hivi mpaka lini?"

"Muda wowote," nikamwambia, "ilimradi pasibadilike kitu."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akaiondoa mikono yake mezani, akaiweka mapajani, asije akagusa kitu.