Vijiko Vitano vya Noah

Saa kumi na mbili kasoro robo jioni Gibson alirudi kutoka mbio zake za barabara ya Marungu, akavua raba, akanawa miguu kwenye karai. Mama yake, Peris, alikuwa ameshaweka chai mezani. Kaka yake Noah alikuwa amekaa kwenye kigoda, na hiyo haikuwa habari, maana Noah alikuja kila jioni tangu alipozikwa mwaka wa sabini na moja.

Noah alichota sukari kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulibaki ndani ya korona, ile mashine ya kuchuna makonge, siku ilipomvuta. Kinga ya chuma ya mashine hiyo ilikuwa imefunguliwa ili kazi iende haraka, ikaegemezwa ukutani mwa stoo. Kesho yake meneja wa shamba alileta gunia la sukari la rambirambi, Peris akatia kidole gumba kwenye karatasi, maneno yakaishia hapo. Gunia ndilo halikuisha. Miaka mitatu wanachota, na bado limejaa hadi shingoni.

Vijiko vitano, kila jioni, katika kikombe cha Gibson.

"Daktari amenikataza," alisema Gibson.

"Basi mwaga," Noah akamjibu. "Si ndiyo bei yangu?"

Nani angemwaga? Gibson akanywa.

Daktari mwenyewe alikuwa Mzee Sheikhan wa zahanati ya Voi, mtu asiyependa kurudia neno. "Mwanangu, sisimizi wakufuata hadi chooni, na kidonda hiki cha kisigino hakifungi. Si uchawi, ni sukari. Punguza, la sivyo mguu huu wenda zake." Gibson aliogopa sana. Miguu yake ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakikuwa cha shamba.

Akaanza kupunguza. Alipofika vijiko vinne, Noah alikuja bila kivuli. Vitatu, hatua zake hazikusikika mlangoni. Viwili, ilibidi Peris ainame karibu ndipo amsikie, na masikio yake hayakuwa na kasoro.

"Unamfukuza ndugu yako," alisema Peris.

"Mama, nataka kukimbia."

"Ukimbie uende wapi?"

Gibson aliinua mguu, akakitazama kisigino. Michezo ya shamba ilikuwa imebaki wiki tatu, na kidonda kilikuwa kimeanza kukauka pembeni.

Jumatatu moja alikunywa chai bila sukari. Lo, chungu! Noah, ambaye sasa alikuwa mwepesi kama mvuke wa kikombe kile, aliweka kijiko mezani. "Haya, kimbia," akasema. Asubuhi gunia lilikuwa tupu, limekunjwa vizuri. Peris alilia kuliko alivyolia siku ya mazishi. Gibson alilia naye, kisha akaenda mazoezini.

Jumamosi ya michezo alishinda maili tatu. Watu walitoka hata Chawia kuja kutazama, na waliokosa viti walipanda juu ya kinga ya korona, ambayo bado iliegemea ukuta wa stoo. Meneja alimpa blanketi na mkono wa pongezi. Halafu karani akamvuta kando.

"Gibson, wewe una mbio. Mfikishie Wayua mzigo huu kabla jua halijazama."

Ulikuwa nusu gunia la sukari, na karatasi ya kutia kidole juu yake. Korona ilimvuta Wambua, mume wa Wayua, siku ya Alhamisi. Michezo haikuahirishwa kwa sababu matangazo yalikuwa yameshabandikwa. Gibson aliutupia mzigo begani, akakimbia.

Wambua alikuwa amekaa mlangoni pake, kijiko kiko mkono wa kushoto. Aliutazama mzigo.

"Noah alipewa zima," alisema.

"Zima, ndiyo."

"Haya."

Wayua alitia kidole gumba kwenye karatasi, akamimina chai. Pale kambini mleta rambirambi ndiye hunywa kikombe cha kwanza, na akikataa amemtukana marehemu. Gibson aliketi, akajipapasa kisigino. Kidonda kilikuwa kimefunga, ngozi mpya, laini.

"Ngapi?" Wambua aliuliza.

Gibson alimsogezea kikombe. "Noah alikuwa akinitilia vitano."

Wambua akaanza kuchota, polepole, maana mkono wa kushoto alikuwa bado hajauzoea.